Neno Asilolisema Hajji Mutwalibu

Mimi Hajarah nimeuza spea Busia miaka kumi na tisa, ubavuni mwa kibanda cha Hajji Mutwalibu, na miaka yote hiyo sijamsikia akitamka neno "sina". Ukimuuliza fenibelti, iko. Ukimuuliza taa ya lori lililoacha kutengenezwa kabla hujazaliwa, iko, kaa kidogo. Anakukalisha kwenye benchi, anatokea mlango wa nyuma, anakimbilia kwetu majirani kuitafuta, kisha anarudi akiipangusa kwa shati kana kwamba alizaliwa nayo.

Sote tunafanya hivyo. Ndiyo kazi yenyewe. Na safu yetu ya vibanda ina sheria moja: mteja aliyekwisha kuambiwa "iko" ni wa aliyemwambia. Mwingine hamuuzii, hata kama kitu kimemjaa mpaka mlangoni, hadi yule wa kwanza akiri kwa mdomo wake kwamba hana.

Basi siku moja akaja Jonan, dereva wa lori, aliyekuwa akingoja karatasi zake mpakani huku akisoma habari kwenye simu. Alisoma kuhusu meli za kivita za Marekani zinazobeba ndege, zile za nyuklia. Zinakwenda miaka zaidi ya ishirini bila kuongezwa mafuta, lakini kifaa kidogo kikikosekana, mabaharia hukinyofoa kwenye meli ya jirani.

"Kumbe nao ni watu wa Busia," nikasema.

"Hajji," Jonan akachokoza, "pampu ya maji ya hiyo meli iko?"

"Iko," akajibu Hajji bila kuinua macho. "Ya mwaka gani?"

Tulicheka safu nzima. Owor wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti: "Hajji, achilia huyo Mwamerika, na sisi nataka kula!" Maana kwa sheria yetu, jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa sasa mteja wa Mutwalibu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuliuzia hata nati. Mtu mwenye akili angecheka nasi. Hajji kesho yake akaja kuniuliza, uso mkavu, kama ninayo pampu ya namna hiyo. Nilicheka mpaka mtandio ukaanguka. Akaapa hatakanyaga tena kwangu.

Nilidhani yatapita. Hayakupita. Wiki hiyohiyo Teopista alikuja kutoka kijijini Iyolwa kutafuta beringi ya mashine yake ya kusaga mahindi. "Iko, mama, kaa kidogo," Hajji akamwambia. Akazunguka vibanda vyote isipokuwa changu. Na beringi hiyo nilikuwa nayo mimi, moja tu, kwenye droo. Hajji akamwambia arudi wiki ijayo. Mama wa watu akarudi, akaambiwa tena iko.

Na mimi je? Nilinyamaza. Sheria ni sheria, nilijiambia, ila ukweli ni kwamba nilitaka yule mzee aje aniombe. Naona aibu kulisema.

Wiki ya tatu Teopista hakukaa kwenye benchi.

"Hajji, mimi natoka Iyolwa mara ya tatu. Mashine imelala. Watu nakwenda kusaga kwingine, na watoto yangu natwanga kwa kinu, mikono iko na vidonda. Niambie tu. Iko ama hapana?"

Owor aliacha kugonga rimu. Hajji akapangusa mikono kwenye shati ingawa haikuwa na kitu.

"Sina, mama," akasema. "Tangu siku ya kwanza, sina."

Miaka kumi na tisa nimelingoja neno hilo nimcheke. Badala yake nikafungua droo, nikampelekea Teopista beringi yake.

Akaigeuzageuza. Akatazama kibanda changu, akatazama cha Hajji.

"Hii ilikuwa hapa? Wiki zote tatu?"

Owor akarudi kugonga rimu yake.

"Na mimi nilifikiri nyinyi ni watu wazima," akasema, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kutafuta bodaboda ya Iyolwa.