Nilipomhubiria Mchonga Vinyago

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilipomhubiria mzee wa watu kwa dakika arobaini bila kumeza mate. Nimesikia umeanza kusomea ushauri nasaha, kazi iliyonilisha maisha yangu yote, na mama yako ameniomba nikupe maneno mawili matatu. Sina la maana kuliko aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo nitakupa hiyo.

Wakati huo nilikuwa msichana wa mtaa mpya wa Buruburu, nyumba zetu bado zinanukia rangi, baba yangu karani wa serikali aliyetoka Kakamega. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya na viatu vya kisigino. Kanisa moja la Shauri Moyo likanipa chumba nyuma ya ukumbi, meza moja na viti viwili, niwasikilize watu wenye mizigo moyoni. Mtaa haukujua uniite nani. Wengine waliniita daktari, wengine sista, na mama mmoja muuza samaki aliniita "yule wa maneno". Hakukosea sana.

Siku moja akaja Ndinda, mpiga taipu, binti wa Mzee Mutua mchonga vinyago. Alikuwa amechumbiwa na Wafula, kijana wa reli, Mluhya kama mimi, ambaye kwao ni Bungoma. Sasa Mkamba, kama hujui, hamhesabu binti yake kuwa ameolewa mpaka mbuzi wa ntheo waletwe na kuliwa, na baba ndiye hutaja siku. Mzee Mutua hakuitaja. Kwa miezi minne kila akiulizwa alisema "tutaona", kisha akashika tezo lake na kuendelea kuchonga.

"Mwezi huu ukiisha kama bado amenyamaza, tutaenda tufunge ndoa serikalini bila yeye," Ndinda aliniambia. "Na nikifanya hivyo, najua sitaweza kurudi kwake tena."

Nikamwambia amlete. Mzee akaja na koti lake la Jumapili, kofia mkononi. Sikumwacha hata akae vizuri. Nilimuuliza, "Mzee, mbona humtaki Wafula?" na kabla hajafungua kinywa nikamjibia. Nilimweleza ubaya wa ukabila, nikamweleza umoja wa taifa, nikamkumbusha kwamba Mluhya naye ni kiumbe wa Mungu, nikamalizia na Mtume Paulo. Mzee alinitazama, akaitazama kofia yake, akasema, "Asante, mwalimu," akaenda zake. Nilijipongeza. Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma, na siku hiyo nilivuma mpaka barabarani.

Aliyefagia ukumbi alikuwa Mama Nekesa, mama mtu mzima wa kwetu magharibi, aliyesikia yote kupitia dirishani. Akaingia, akaegemea ufagio wake.

"Msichana wangu, umemuuliza swali ukajijibu mwenyewe. Sasa yeye alikuja kufanya nini?"

Nikajitetea kwamba mzee ni mkabila.

"Amesema yeye?"

"Hajasema, lakini inaonekana tu, mama."

"Ulikuwa unamtetea Wafula, ama ulikuwa unajitetea wewe?"

Mama Nekesa alijua, kama wengi walivyojua, kwamba mwaka uliotangulia wazazi wa kijana mmoja Mkamba wa Machakos walinikataa kwa sababu mimi ni Mluhya. Kikulacho ki nguoni mwako. Kidonda kilikuwa changu, na mimi nilikuwa nikimfunga bendeji mtu mwingine. Nililia, sitakuficha. Mama Nekesa aliningoja nimalize, akanimiminia chai, kisha akasema, "Fundi huyo hawezi kuongea mikono ikiwa bure. Mfuate kwake. Na hivyo viatu uviache nyumbani."

Kesho yake nikaenda na ndara. Mzee Mutua alifanyia kazi nje ya nyumba yake, chini ya mabati mawili. Nilimwamkia na kumwomba radhi. Alinipa kipande cha msasa na twiga wa mti ambaye hajasuguliwa, kwani aliyeketi pale hakuketi bure, awe mgeni awe mchungaji. Tukakaa bega kwa bega, wote tukitazama njia. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kumtazama mtu machoni, na ulimi wangu uliniwasha kweli, lakini nilisugua. Nilimaliza miguu minne, nikapanda shingo, na shingo ya twiga si mchezo. Nilipofika kichwani, mzee akasema:

"Hilo sikio lina kasoro. Ndinda angeliona. Mama yake ndiye alikuwa anaona, na tangu afariki, ni Ndinda. Kila jioni akitoka kazini anapita hapa, ananionyesha penye nimeharibu."

Nikaendelea kusugua.

"Kijana ni mzuri," akaongeza. "Tena ananichekesha. Lakini Bungoma ni mbali."

Mwanangu, nilikuwa na mashauri kumi mdomoni, na yote niliyameza. Nikamuuliza jambo moja tu, kama Ndinda anajua hayo. Tezo likasimama. "Mimi nilimwambia tutaona," akasema, akaanza kujicheka, taratibu, mpaka mabega yakatikisika na machozi yakamtoka.

Jioni ile alimwambia. Sikuwapo, ila kesho yake Ndinda alinijia mbio, anacheka na kulia kwa pamoja. Wafula hakuwa na mpango wowote wa kumpeleka Bungoma. Alikuwa amepewa nyumba ya reli kule Makongeni, mwendo wa miguu tu kutoka Shauri Moyo. Miezi minne mzee alikuwa akiililia safari ambayo hakuna aliyeipanga.

Mbuzi waliletwa Jumamosi iliyofuata. Wajomba wa Wafula, watu waliozoea ng'ombe, walishindwa na beberu mmoja aliyewatoroka, wakamfukuza karibu mpaka soko la Gikomba, na akina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baada ya nyama, Mzee Mutua akasimama mbele ya wazee wenzake, akaninyooshea kidole.

"Huyu ni daktari wangu," akasema. "Mara ya kwanza aliniambia kila kitu, nikaumwa na kichwa. Mara ya pili hakuniambia kitu, nikapona."

Walicheka wote, na mimi nikacheka kuliko wote. Sijawahi kupewa cheti kizuri kuliko hicho.

Basi, mwanangu, vitabu usividharau, soma sana. Lakini kabla hujamtibu mtu, jiulize kidonda unachokiona ni cha nani. Ukishauliza swali, liache liwe la mwenyewe, hata likikaa nusu saa bila jibu. Na usingoje kila mtu aje kwenye kiti chako. Wako watakaokufungulia moyo wakichambua mboga, wengine wakifua, na wewe utashika majani ya sukuma au utashika sabuni. Anayetoa ushauri haraka mara nyingi anajishauri mwenyewe.

Mungu akuzidishie subira na akupunguzie maneno. Wanaokujia wameinama waondoke wamenyooka. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe mtu wa kukwambia mapema, na akupe moyo wa kumshukuru.