Betri Juu ya Bati

Nilikuwa fundi seremala mwenye kiburi, sifichi. Miaka ile soko huria lilipokolea na simu za mkononi kuenea, kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, na mimi nikawa wa kwanza mtaani kwetu Area D kumiliki drili isiyo na waya. Niliichomeka kiunoni hata nikienda kununua sukari.

Mchumba wangu alikuwa anatengeneza simu mjini, kwa hiyo betri za aina ile alizijua. Siku alipoiona tu, akaniketisha.

"Sikiliza, fundi. Hii ni lithiamu, kama ya simu. Usiitumie mpaka ife kabisa, ichaji mapema. Usiiweke pamoja na misumari, itapiga shoti. Na joto, tafadhali! Joto ndilo linaiua."

"Mimi nimeanza kushika betri kabla hujazaliwa," nikamjibu. Uongo mtupu, tumepishana mwaka mmoja.

Elimu yangu ya betri niliipata kwa mama. Za redio zikichoka, alizipanga juu ya bati, jua la Dodoma likazipiga mchana kutwa, na jioni tukasikiliza taarifa ya habari. Kila nyumba ilifanya hivyo. Leo mtu aje aniambie jua linaua betri? Thubutu!

Ikakaribia siku ya posa. Baba wa mchumba wangu alikuwa amejenga Msalato, nje ya mji, umeme ulikuwa haujafika kule, na nyumba haikuwa na mlango wa mbele. Nikajitapa kwamba nitauweka mimi kabla ya wageni.

"Shauri yako," mzee akasema. "Wazee wako wanakuja saa nane. Wakikuta tundu, binti yangu simwozi kwa fundi wa maneno. Watarudi walikotoka."

Hakuwa mtu wa mzaha yule. Nikafika asubuhi na mapema, nikamwamkia shikamoo yangu, nikachomoa drili kwa mbwembwe. Ikazunguka mara mbili, ikanyamaza. Jana yake nilikuwa nimeimaliza chaji yote nikitoboa mbao bure, kuwaringishia majirani, na niliporudi nyumbani nikakuta umeme umekatika.

"Imechoka, Baba," nikasema.

"Si uianike? Weka pale kwenye bati, kando ya zangu."

Kweli, betri za redio yake zilikuwa juu ya banda la kuku, zimejipanga zinaota jua. Nikafarijika mno. Kumbe mimi na mkwe tumesoma shule moja!

Saa sita nikaenda kuichukua. Lahaula! Haishikiki. Imevimba ubavu na inanuka kama waya unaoungua. Nikaishusha kwa kitambaa huku naruka ruka, ndipo mchumba wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Iweke kule mbali na nyumba! Nani kakwambia betri inaanikwa kama mlenda?"

Nikamtazama mzee. Mzee akakohoa, akakumbuka ana ng'ombe wa kuangalia.

Aliporudi alikuwa na keke ya zamani, ile ya kutobolea kwa kuzungusha mkono. Akanikabidhi. Nikazungusha mpaka viganja vikatoka malengelenge. Saa nane kamili, wageni hao, na bawaba ya chini haina hata skrubu moja. Kwa desturi mwoaji hakai kwenye kikao cha posa, lakini ningeuachia mlango ungewaangukia. Basi nikasimama nimeushikilia, na wazee wangu wakapita chini ya kwapa langu mmoja mmoja, baba mdogo, mshenga wetu, akiwa wa kwanza.

Walipokaa, mzee akaniuliza mbele yao wote, "Fundi, mlango umekwisha?"

Niliogopa, wallahi. Nilimpenda yule binti, na nilikuwa namkosa kwa ubishi wangu mwenyewe.

"Haujakwisha, Baba. Kosa ni langu. Binti yako alinikanya kuhusu betri tangu siku ya kwanza, nikamdharau. Ningemsikia, mlango ungekuwa umekwisha tangu asubuhi."

Habari za bati na ushauri wa mzee sikuzigusa. Mzee akanikazia macho, akasema, "Binti aitwe, ajisemee."

Akaja, akapiga magoti, akaulizwa kama anamtaka huyu aliyeshika mlango. Akanitazama na malengelenge yangu.

"Namtaka. Ila betri za nyumba hiyo nitazitunza mimi." Akamgeukia baba yake. "Na zako zishushwe, Baba. Nimeziona mchana huu, zimeanza kuvuja."

Baba mdogo alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mzee hakucheka. Aliinuka, akapita chini ya kwapa langu, akashusha betri zake moja moja, akazitia mfukoni. Kisha akarudi, akaushika mlango kwa mikono yake miwili.

"Haya, mkwe," akasema. "Funga skrubu."