Tulivyokwea Mitende ya Sidri

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya kilimo mjini Nizwa, Oman, nilivaa viatu vyeusi vya ngozi alivyoninunulia mama. Mudiri, yaani mkuu wa ofisi, aliviangalia viatu kabla hajaniangalia mimi. Alikuwa mtu mzima aliyesoma skuli Unguja utotoni, na Kiswahili chake alikitoa anapotaka kufanya utani.

"Baba yako alilima nini huko Pemba?"

"Karafuu, bwana mudiri. Na minazi kidogo."

"Huku hakuna hata kimoja. Huku mitende. Kesho utapanda mlimani, kijiji cha Sidri. Na hivyo viatu viache nyumbani."

Nilitoka Pemba na miaka kumi. Masomo ya kilimo niliyafanya Oman, kwa Kiarabu, na mtende nilikuwa naujua kwa picha zaidi kuliko kwa mikono. Ndiyo maana nawaambia nyinyi mnaoanza kazi sasa, msione haya kufika pahala hamjui kitu. Mimi nilifika Sidri sijui hata pa kukanyaga.

Sidri iko juu ya mji wa Al Hamra, nyumba thelathini na kitu zilizong'ang'ania jabali. Mashamba yake ni vipande vyembamba vilivyopangwa kama ngazi, kila kimoja kimezuiwa na ukuta wa mawe. Maji huja kwa falaji, mfereji wa kale unaotoka ndani ya mwamba, na hupita shamba kwa shamba kwa zamu. Anayesimamia zamu hizo huitwa arifu. Wakati wangu arifu alikuwa Mzee Saleh, mtu mrefu, mpole, asiyesema maneno mawili ikiwa moja linatosha.

Kazi yangu ilikuwa mshauri wa kilimo. Kila wiki nilipanda kule kukagua wadudu, kuonesha jinsi ya kupogoa mindimu na mikomamanga, kisha nikashuka kuandika ripoti. Miezi ya mwanzo wanaume walinisikiliza, msichana wa mjini, kwa adabu, halafu wakenda kufanya walivyozoea. Aliyeniokoa ni mke wa arifu, Bi Zuwena, mzaliwa wa Wete. Siku aliyonisikia nikijisemea Kiswahili mbele ya ukuta uliobomoka, alikuja mbio na kisu cha jikoni bado mkononi.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Shikamoo, bibi. Mtoto wa Pemba."

"Marahaba, mwanangu. Miaka mingapi sijaitwa bibi kwa lugha hiyo. Njoo ule kwanza, ukuta haukimbii."

Kutoka siku ile nilikuwa na nyumba Sidri.

Mwaka wa pili, mwisho wa baridi, ndipo yalipotufika. Inataka nieleze kidogo. Mtende uko dume na jike, na mkulima hangojei upepo. Hukata nyuzi za ua la dume, akakwea mtende jike, akazipachika ndani ya kishada cha maua yake kichwa chini na kukifunga kwa ukuti. Huko ndiko kuchavusha. Ua la jike likishapasuka, siku za kufanya hivyo ni chache. Zikipita, utapata vijitende vikavu visivyo kokwa wala utamu.

Vijana wa Sidri walikuwa wamehamia Maskati na Nizwa kutafuta mishahara, na mkwezi aliyebaki alikuwa mmoja, Mzee Mbarak. Wiki ile ile maua yalipopasuka, Mzee Mbarak aliteleza kwenye ngazi ya nyumba yake akavunjika mguu.

Mavuno ya mwaka wa nyuma yalikuwa mabaya. Mkuu wa sehemu yetu, bosi wangu wa karibu, alikwisha niambia wazi: "Kijiji kisichoweza kuhudumia miti iliyopo, hatutakipa miche mipya. Tutaipeleka kwengine." Na mimi nilijua familia tano walikuwa wakingoja mavuno yale ndiyo waamue kubaki au kushuka Al Hamra moja kwa moja.

Nilimkuta Bi Zuwena amekaa chini ya mitende, anatazama juu.

"Unaweza kukwea?" akaniuliza.

"Mikarafuu nilikwea. Mtende sijapata."

"Basi mti ni mti. Una suruali ndani ya kanzu?"

"Ninayo."

Tulikwenda kuomba ruhusa kwa arifu. Mzee Saleh akasema tu, "Kamba iko ukutani."

Kamba hiyo ni pana, imesukwa kwa nyuzi za mtende wenyewe. Huzunguka kiuno chako na shina pamoja, unaegemea nyuma, unairusha juu, unapanda hatua. Mzee Mbarak alibebwa pamoja na kiti chake mpaka shambani, mguu umefungwa mbao, akawa anaamrisha kutoka chini. Mtende wa kwanza niliukumbatia badala ya kuegemea kamba. Wa pili nilipachika nyuzi kichwa juu, akanirejesha.

"Kichwa chini, binti. Unachavusha, hupambi harusi."

Wanawake waliokuwa chini wakikata nyuzi walicheka mpaka wakakaa. Baadaye mmoja wao alijifunga kanzu akakwea mtende mfupi uliokuwa pembeni, na baada yake wengine wawili. Siku nne tulifanya kazi hivyo, asubuhi hadi adhuhuri, mikono imechanika kwa miba na vumbi jeupe la maua limejaa nyusoni. Sijawahi kuchoka vile, wala kufurahi vile.

Lakini mitende mirefu ilitushinda. Alkhamisi, Mzee Saleh alishuka Al Hamra akapiga simu kwa watoto wake na wa jirani. Bi Zuwena alinisimulia alivyosema, kila simu maneno yale yale: "Mwanamke wa serikali yuko juu ya mtende wa baba yako." Kisha akakata.

Ijumaa, kabla ya sala, gari tisa zilikuwa zimesimama chini ya kijiji. Vijana walivua saa zao, wakakunja kanzu, wakakwea mirefu yote.

Kiangazi kilipofika, naghali, tende zinazowahi kuiva, ziliinamisha vishada hadi tukaviwekea miti ya kuvishikilia. Mkuu wa sehemu alikuja mwenyewe. Alikula tende ya kwanza, ya pili, ya tatu, akauliza, "Nani alichavusha?"

Ofisi haikunituma kukwea.

"Kijiji," alijibu Mzee Saleh, akammiminia kahawa.

Miche ya mikomamanga na ndimu ilifika mwezi uliofuata. Familia zile tano hazikushuka.

Baadaye nilihamishiwa Ibra, nikakaa miaka mingi nikipambana na dubasi, mdudu mdogo anayefyonza makuti na kuyafanya yanate kama yamepakwa asali. Nikenda vijiji vya nyuma ya Sur, kisha nikarudi Nizwa kukalia kiti cha mudiri. Huko kote kazi ilikuwa moja: kusikiliza kwanza, kuandika baadaye.

Vijana huniuliza kama vijiji vile vina mustakbali. Siwadanganyi. Mvua ikikosekana miaka miwili, falaji hupungua, na mshahara wa mjini unavuta. Lakini Sidri ya leo ina Asila, mjukuu wa Bi Zuwena, aliyesomea uhasibu akaukimbia. Amefungua nyumba ya wageni katika nyumba ya babu yake, na makomamanga anayauza kwa simu kabla hayajakatwa. Kiswahili chake kibovu, ngeli zote anazichanganya, nami simsahihishi kwa sababu anavyoniita "bibi yangu kizuri" napenda hivyo hivyo.

Nilipostaafu, wanakijiji walinialika chakula. Nilitarajia khanjari ya ukutani au saa. Wakanipa athari moja, yaani fungu la maji ya falaji, kiasi cha nusu saa kila baada ya siku nane.

"Sina shamba," nikawaambia.

"Ngazi ya tatu iko tupu, bibi," akasema Asila. "Lima."

Nimepanda vitunguu thaumu. Huendesha gari mwenyewe kutoka Nizwa kila zamu yangu ikifika. Juzi njiani kulikuwa na mbuzi wengi, nikachelewa. Nilipofika nahema, nilimkuta jirani ameshanifungulia mfereji, na maji yanaingia shambani kwangu polepole, safu baada ya safu.