Njano Ambayo Kamera Iliifuta

Mwanzoni mwa Agosti mwaka jana nilimpoteza mke wangu, Paulina. Tulimzika hapa Rhotia, pembeni ya shamba la mahindi alilokuwa akilipalilia mwenyewe. Mwanangu, ipo Jumapili moja kabla ya hapo ambayo kila nikiikumbuka naona haya. Nakusimulia wewe kijana uliyenunua kamera juzi, maana haya yangu nikikaa nayo peke yangu haimsaidii mtu.

Mimi ni dereva wa wageni. Napeleka watu kreta, lile bonde kubwa la wanyama, na kuwarudisha Karatu, kazi niliyoianza ujanani. Picha pia nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na kitu, kwa kamera ya kioo. Ukichungulia kwenye kitundu chake, mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo, unafika jichoni. Unachokiona ni mnyama mwenyewe. Ukungu ukiwepo pale juu ukingoni, unauona. Kukiwa giza, unaona giza. Kasoro yake ni kwamba ukibonyeza, kioo kinanyanyuka na kitundu kinakuwa cheusi kidogo, kwa hiyo ule wakati wenyewe wa picha huuoni. Nimepiga simba wengi waliofumba macho kwa sababu hiyo.

Mwaka jana mgeni mmoja aliniachia kamera ya kisasa. Haina kioo. Ndani ya kitundu kuna skrini ndogo, na kinachoonekana pale ni picha ambayo mashine imeshaitengeneza. Sitaisema vibaya. Inakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujaipiga, na alfajiri kule kreta inaona kuliko macho yangu. Inamaliza betri haraka, na duma akikimbia skrini inachelewa nyuma yake kidogo. Hata hivyo niliipenda kama mtoto anavyopenda viatu vipya.

Ulikuwa msimu wa wageni. Nilikuwa natoka nyumbani kabla ya jua na kurudi limeshazama. Paulina alisema anachoka, chakula hakipiti. Nikamwambia ni baridi ya Julai.

Jumapili hiyo nilikuwa nyumbani. Alikaa mlangoni na kitenge chake cha kanisani, nami nikawa nampiga picha moja baada ya nyingine. Rangi ya uso wake ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Unanionaje?" aliniuliza.

"Umependeza," nikamjibu, jicho langu likiwa bado kwenye kitundu.

Dada yake mkubwa, Mama Safari, alikuwa amefika kutoka Mbulu kumsalimia. Alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Shemeji, umeoa kamera siku hizi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Iweke chini hiyo. Mwangalie mkeo macho."

Nikaishusha. Weupe wa macho ya mke wangu ulikuwa njano, njano ya binzari. Viganja pia. Nikairudisha kamera usoni, nikachungulia: macho meupe. Ilikuwa inarekebisha rangi yenyewe, kama inavyofanya siku zote. Iliiondoa njano ile ikidhani ni ya mwanga. Nikaishusha tena. Njano.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Wiki ya pili sasa," alisema Paulina. "Nilifikiri umeona, ukaamua kunyamaza."

Nilimpeleka hospitali saa ile ile. Lilikuwa ini. Nilimuuliza daktari kama zile wiki mbili zingesaidia. Akasema pengine, na pengine zisingesaidia. Sina jibu jingine la kukupa, na siwezi kulitunga. Wala sisemi kamera ndiyo iliyomuua. Nilikuwa na macho mawili, na tulikuwa tunakula meza moja.

Kwenye msiba walitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Za karibuni zilikuwa zile za Jumapili tu. Watu walikuwa wanapita, wanaitazama. Jirani yetu mmoja akaniuliza, "Mbona alikuwa na afya hivi? Ilikuwa ghafla?"

"Haikuwa ghafla," nikamwambia.

Sasa mwanangu, sikiliza. Chukua kamera yoyote unayoitaka. Ya kioo itakunyima ule wakati wa kubonyeza, ya skrini itakupa ulimwengu uliokwisha kusafishwa, na zote zitakulisha. Lakini mtu wa nyumbani kwako mtazame kwanza bila kitu chochote katikati, mchana, tena karibu. Akikuuliza unamwonaje, shusha mikono ndipo umjibu. Akisema amechoka, usimtafutie sababu ya kukuruhusu wewe uende kazini.

Mungu akulindie macho yako, na akupe watu wa kukugombeza mapema, kabla ya yule shemeji wa kutoka mbali.

Wiki iliyopita binti yangu Neema aliiomba ile kamera akapigie picha za harusi mjini. Nikampa, nikamweleza haya niliyokueleza wewe. Akataka kuijaribu kwangu, nikakaa pale kwenye benchi la nje. Akaishika tumboni bila kuinyanyua, akanitazama muda mrefu mpaka nikainama.

"Baba," akasema, "wewe hulali."