Bado ya Saba

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, lakini umenilazimisha wewe. Jana kwenye simu uliniuliza ile kanuni ya baki iliyotoka kwa Wachina, mnayofundishwa huko chuo kikuu Bujumbura, ina kazi gani duniani.

Nilikuwa nimetoka shuleni na diploma yangu, nikapewa kazi ya kuandika miche ya michikichi kwenye kitalu kimoja hapa Kigwena. Mlinzi wake alikuwa Mzee Saidi, mtu wa Rumonge mjini, asiyejua kusoma. Lori lilipoleta miche, mimi niliandika tisini na minne. Yeye aliipanga chini mitatu mitatu, kisha mitano mitano, kisha saba saba, na kila mara akafunga kwenye kamba mafundo ya iliyobaki. Nilimcheka waziwazi.

Siku ya kuzigawia familia zilizorudi kutoka ukimbizini Tanzania, nikakuta miche sabini na tisa. Nikamwita mzee wa watu mwizi mbele ya wote waliokuja. Akanyoosha kamba yake: fundo moja, kisha manne, kisha mawili.

"Jaribu hesabu yako hapa," akasema.

Nikagawa tisini na nne kwa tatu, ikabaki moja. Kwa tano, ikabaki nne. Nikapiga makofi kwa furaha. "Kamba yako mwenyewe inakushitaki, mzee!"

"Bado ya saba, binti yangu. Saba nayo iko."

Sikuigusa. Akafukuzwa siku hiyohiyo.

Jumapili, katikati ya ibada, ile saba ikaanza kunikera. Nikagawa kichwani: ilibaki tatu, si mbili. Chini ya mia moja na tano, yaani tatu mara tano mara saba, namba yenye baki zile zote za kamba ni moja tu, sabini na tisa. Ndipo nikakumbuka makreti: yalikuwa matano ya miche kumi na mitano, na mingine minne pembeni. Kreti moja nililihesabu mara mbili! Kwa tatu na kwa tano, kosa langu na ukweli wake vilifanana kabisa. Niliona aibu.

Nikamwendea kwake, nikakiri kosa langu.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini watu walisikia mwizi, hii hawajaisikia. Kuja uipange saba mbele yao."

Nikapiga magoti kwenye udongo, watu wamenizunguka, nikapanga kokwa tisini na nne badala ya miche, saba saba. Zikabaki tatu. Nikaondoa kumi na tano, nikapanga upya. Zikabaki mbili. Nikataja jina lake kwa sauti, nikaomba radhi. Akarudishwa kazini, na kwa wiki nzima hakunitania kwa kosa lile hata mara moja, jambo lililoniuma zaidi.

Basi kazi ya kanuni yenu ndiyo hiyo. Leo kompyuta huvunja namba kubwa mno kuwa baki ndogondogo, kila moja ikafanyiwa hesabu yake, kisha zikaunganishwa kuwa jibu moja. Siri hugawiwa watu kadhaa, kila mtu na baki yake, asiweze kuifungua peke yake. Rada nazo hupata umbali wa ndege kwa njia hiyohiyo.

Nasaha yangu ni fupi: vipimo viwili vikikubaliana nawe, usimhukumu mtu kabla ya kutafuta cha tatu. Ukikosea hadharani, rekebisha hadharani. Mungu akulinde na haraka yako, mwanangu, na akupe magoti mepesi ya kurudi kwa uliyemkosea angali hai.