Vigelegele Mlangoni

Kidevu cha mtoto wa dada yangu kilikuwa kinatetemeka, na mimi sikujua nimshike wapi. Alizaliwa mzito, kichwa kimejaa nywele. Siku ya pili akaanza kulia kwa sauti nyembamba, kali, isiyopumzika. Muuguzi alitueleza taratibu: vidonge vya maumivu, tramadol, alivyokuwa akimeza dada yangu tangu aumie mgongo vilimfikia mtoto tumboni. Sasa vimekatika, na mwili wake unavidai.

Sikuelewa. Mtu anawezaje kulilia kitu ambacho ulimi wake haujawahi kukigusa?

Hospitalini walimpa matone ya dawa, wakayapunguza polepole, kisha wakaturuhusu kurudi nyumbani, mtaani Bulla Pesa. Akae kwenye mwanga hafifu na kimya, avikwe shuka vizuri, anyonye kidogo kidogo. Akikataa titi, arudishwe hospitalini. Na tangu alfajiri alikuwa amelikataa, dada yangu analia pamoja naye.

Alikuwa ndiyo kwanza amesinzia wanawake walipofika. Kwetu Waborana mama aliyejifungua haachwi peke yake. Wanawake huja na maziwa na vigelegele, na hakuna anayewazuia. Nikasimama mlangoni, nikawazuia.

"Mtoto amelala, mama zangu."

"Tutamwamsha," shangazi yetu akasema, wenzake wakacheka. "Ama kwa vile wewe ni mwandishi, siku hizi unataka tuombe ruhusa kwa barua?"

"Leo tusipige kelele, shangazi. Tafadhali."

"Mtoto asiyepigiwa kigelegele ni wa nani?"

Sababu nilikuwa nayo, lakini ilikuwa siri ya dada yangu, si yangu kuitoa. Shangazi akainua mkono mdomoni, akapiga kigelegele kirefu, kizuri.

Ndani, mtoto alishtuka, akapasua kilio kile. Hakikukoma. Wanawake wakatazamana. Shangazi, aliyelea watoto wa ukoo mzima, akashusha mkono.

"Huyo halii njaa," akasema kwa sauti ya chini, akiningoja nieleze.

Nilitazama kibuyu chake cha maziwa. Akageuka, akaketi chini kando ya ukuta wa mabati, na wengine wakaketi naye. Hakuna aliyekohoa.

Nilirudi ndani. Kilio kilichoka chenyewe, kikawa kwikwi. Dada yangu akamsogeza tena kifuani, na baada ya muda nikasikia mtoto akimeza.

Nilichungulia nje. Walikuwa bado wameketi, vibuyu magotini, macho kwenye vumbi. Sikujua kama wanatulinda au wameudhika, wala kama niende kuwashukuru au kuwaomba radhi. Nikabaki nimeshika pazia.