Mstari Uliokatwa na Stima

Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya kwari ya mawe, mikono imefungwa nyuma na kamba, nikisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwa simu ya mtu mwingine. Ilikuwa Jumapili mchana, watu wako kanisa. Yule broka wa mashamba aliketi juu ya jiwe, simu iko kwa goti, anatikisa kichwa kufuata mdundo kama mtu anayefurahia. Vijana wake wawili walisimama nyuma yangu. Mmoja alikuwa ameokota nyundo ya wapasua mawe.

Kwenye simu nilimtaja broka kwa jina lake kamili, mara mbili. Halafu nikaanza salamu: "Na shukrani kwa mama..." Hapo mvua ya mawe ikasikika juu ya mabati, mtu akakohoa, na sauti ikakatika.

"Hapo inakatika," broka akasema. Alisema polepole kama mwalimu wa nasari. "Malizia. Mama nani?"

Nilijikojolea. Naandika hivyo bila aibu, kwa sababu kuna watu mtaani wanasema siku hiyo nilikuwa shujaa. Sikuwa. Ulimi ulikauka, taya zikagandana, na hata kama ningetaka kumtaja yule mama, hakuna kitu kingetoka. Alirudia mara ya pili. Mara ya tatu hakuniuliza mimi, alimwangalia yule wa nyundo.

Sasa nirudi nyuma, ujue nilifikaje hapo.

Shule niliachia darasa la sita. Baba yangu alikuja kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi ya kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipoyumba sisi tukayumba nacho. Mimi nikaosha magari, nikabeba mawe ya mjengo, lakini jioni nilikuwa msanii. Si wa redio. Redio hawakututaka. Tulikuwa wa uwanjani, pale mtaa wa Munyaka, Jumapili baada ya kanisa: spika moja ya kuazima, kreti ya soda ndio jukwaa, na vijana wamezunguka mpaka huoni mwisho wa vichwa. Ukikosea mstari wanakuchoma kwa maneno hapo hapo. Kuna siku nilisahau maneno, dogo mmoja akaniambia, "Mzee, enda nyumbani, chai inapoa." Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini na tano. Nilicheka na wao, nikarudi wiki iliyofuata na mistari mipya.

Kando ya uwanja kulikuwa na mama aliyeuza chai na mahindi ya kuchoma. Alitoka hapa hapa Uasin Gishu, mtu mzima, na sisi sote alituita watoto wake bila kuuliza mtu ametoka wapi. Ni yeye aliyeona watu wa kupima ardhi wakizika vigingi asubuhi na mapema. Ni yeye aliyemsikia broka, amesimama na kikombe cha chai mkononi, akiambia wageni kwamba uwanja umeshauzwa na vijana watafukuzwa. Aliniambia akinong'ona. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unajua kusema. Lakini mimi usinitaje."

Sikuwa na nia ya kumtaja. Lakini lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi.

Studio yetu ilikuwa mtaa wa West Indies, chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya watu, magodoro kwa ukuta. Prodyusa alikuwa rafiki yangu. Yeye ndiye alitufundisha sisi wote kurekodi rafu kwanza. Rafu ni ile ya ndani: unaimba na majina ya kweli, unamtaja adui, unamshukuru aliyekupa habari, kwa sababu ukianza kuficha mapema sauti inalegea, inakuwa ya mtu anayeogopa. Baadaye unarudia wimbo na majina yamefunikwa, na hiyo ndiyo inatoka nje. Rafu inafutwa mbele ya macho yako kabla hujafungua mlango. Hiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Siku ya kurekodi wimbo wa uwanja tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Mistari yote alikuwa ameisikia nikifanya mazoezi, mpaka ya mwisho, na jina la mama likiwa ndani. Nikarekodi. Nilipofika kwa salamu mvua ya mawe ikaanza, akakohoa kile kikohozi chake cha vumbi la magodoro, na stima zikapotea. Kompyuta ikazima. Tulikaa gizani tukicheka.

"Imeenda na stima," akaniambia. "Hakuna hata cha kufuta."

Nikaamini. Hata wewe ungeamini. Ilishawahi kutokea tupoteze wimbo mzima kwa njia hiyo, tukalia.

Wiki iliyofuata tulirekodi ile safi. Broka tulimpa jina la mnyama, mama hatukumtaja kabisa. Niliiimba uwanjani na vijana wakaishika siku hiyo hiyo. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu. Jumapili iliyofuata, kanisa halijatoka, pikapu ilisimama kando yangu nikienda uwanjani kupanga spika, na mtu akaniambia kwa upole niingie, kuna shoo wanataka niwafanyie.

Sasa unaelewa kwa nini pale kwari niliogopa zaidi ya kuogopa kifo. Nilipousikia ule kikohozi ndani ya simu, nilijua ni rafu. Nilijua imetoka mkononi mwa nani.

Nyundo ilinipata hapa, chini ya sikio. Wapasua mawe walinikuta kesho yake nikiwa hai. Hospitalini walinifunga taya na waya. Nilipoweza kutembea nilienda kuripoti, na askari wa dawati, huku akitafuna njugu, alisikiliza dada yangu akieleza, kisha akanigeukia mimi na waya zangu: "Si wewe ni msanii? Hebu tuimbie basi." Wenzake wakacheka. Hakuandika chochote. Huyo naye nimemweka kwa hesabu yangu.

Lakini si askari huyo anayeninyima usingizi. Nikiwa bado kitandani, kabla sijaweza kusema neno hata moja kwa mtu yeyote, wale vijana wawili walienda uwanjani. Hawakuuliza uliza. Walienda moja kwa moja kwa yule mama, wakamwita kwa jina, wakapindua jiko lake na makaa yakiwaka. Alipanda gari jioni hiyo. Nimemtafuta kwa watu wake, wananiambia hawajui alipo, na wananitazama kama mimi ndiye nilimuuza. Mahali pa jiko lake ni geti la fleti sasa.

Mpaka leo pikapu ikipunguza mwendo nyuma yangu, ninaingia duka lolote lililo karibu. Sijashika maiki tena. Maneno yangu yanatoka kama ya mtu aliye na kiazi moto mdomoni.

Na prodyusa? Anapiga kinanda kanisani huko Kapsoya, ana suti. Nilimngoja nje mwaka huu. Akanishika bega, akasema, "Kaka, hayo ni ya zamani. Tumwachie Mungu."

Mimi siachi. Mungu hakuwa na kompyuta West Indies. Rafu ilikatika kabla ya jina. Mimi kule kwari sikumalizia, na uso wangu ni ushahidi. Duniani tulikuwa wawili tu tulioujua huo mstari. Kwa hivyo wewe prodyusa, Jumapili uinuke kwenye hicho kinanda, watu wakiwa wamejaa, uwaambie: nani alimalizia? Na yule mama yuko wapi?